SOMO LA 9: TAA ZINAZOJIWASHA USIKU
Transista kama swichi, na hesabu za umeme wa nyumbani

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:
1. Kutaja sehemu tatu za mfumo unaojiendesha na kueleza kazi ya kila sehemu.
2. Kueleza jinsi LDR na transista zinavyowasha taa giza likiingia.
3. Kukokotoa volteji ya beisi, mkondo wa beisi na ukinzani unaofaa.
4. Kukokotoa uniti na gharama ya taa za usiku.
5. Kueleza kwa nini swichi hufungwa kwenye waya wa laini, si wa nyutro.

Somo hili linaunganisha mada mbili ambazo wanafunzi wengi huzisoma mbalimbali: elektroniki na umeme wa majumbani. Mtihani wa Fizikia utaulizwa kwa Kiingereza, na majina ya Kiingereza unayo kwenye daftari lako. Hapa elewa kwanza kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyeelewa hapotezi muda kukariri.

1. Tatizo lenyewe

Tuchukue nyumba ya mfano iliyopo Tabata Kimanga. Ni nyumba ya kupanga, ina wapangaji kadhaa na uwanja mmoja. Ina taa nne za nje: getini, barazani, kwenye njia ya kwenda chooni na nyuma karibu na tangi la maji. Kila taa ina swichi yake ya kawaida.

Siku nyingine hakuna anayekumbuka kuwasha taa ya getini, na anayerudi kutoka kazini saa 3 usiku anapapasa kufuli gizani. Siku nyingine taa zinawashwa na hakuna anayezizima, zinawaka mpaka saa 4 asubuhi huku uniti za Luku zikiisha. Kisha unaanza ubishi wa nani achangie shilingi ngapi.

Tunahitaji taa ambazo haziwategemei watu kukumbuka. Lakini kabla ya kununua kifaa chochote, jibu maswali matatu: taa ijue nini, iamue vipi, na ifanye nini? Mfumo wowote unaojiendesha una sehemu hizo tatu:

(a) Sensa, yaani sehemu inayohisi. Inaweza kuhisi nuru, mwendo au muda.
(b) Sehemu inayoamua. Katika somo letu ni transista. Katika taa janja ni chipu ndogo iliyoandikiwa programu.
(c) Sehemu inayotenda. Inaweza kuwa taa yenyewe, au rilei inayowasha taa kubwa.

2. Taa ijue nini? Njia tatu

Njia ya kwanza: saa (taima). Unaiambia taa iwake saa 12:30 jioni na izime saa 12:00 asubuhi. Ni rahisi, lakini jua halifuati taima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo machweo hayabadiliki sana. Mwezi Mei jua huzama karibu saa 12:13 jioni, na mwanzoni mwa Februari huzama karibu saa 12:48. Tofauti ni kama dakika 35 tu kwa mwaka mzima. London hali ni nyingine: mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na mwezi Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Kwa hiyo taima isiyorekebishwa inaweza kutufaa hapa kwetu, lakini Uingereza itashindwa kabisa.

Hata hapa ina udhaifu. Umeme ukikatika, taima isiyo na betri ya akiba husimama na kuanza kuhesabu upya pale ilipoishia. Umeme ukikatika kwa saa tatu, taa zako zitachelewa kwa saa tatu.

Njia ya pili: nuru. Sensa hupima mwanga uliopo. Haijali ni mwezi gani, wala kama wingu zito la masika limeleta giza saa 9 alasiri. Hii ndiyo njia inayoulizwa zaidi katika mada ya elektroniki. Zile taa za sola zinazouzwa Kariakoo hutumia wazo hilohilo: paneli yenyewe ndiyo sensa. Volteji ya paneli ikishuka jioni, sakiti ya ndani huwasha taa kwa nguvu ya betri iliyochajiwa mchana.

Njia ya tatu: mwendo. Sensa hii hupokea mionzi ya infraredi itokayo kwenye vitu vyenye joto, ukiwemo mwili wa binadamu. Mtu akipita, kiasi cha mionzi kinachoingia kwenye sensa hubadilika na taa huwaka kwa muda uliopangwa. Inafaa sana njia ya chooni. Haifai getini peke yake ikiwa unataka mtu aone geti akiwa bado mbali.

Kwa nyumba yetu ya mfano, uamuzi mzuri ni huu: geti na baraza zitumie sensa ya nuru, ziwake usiku kucha. Njia ya chooni na nyuma ya nyumba zitumie nuru na mwendo kwa pamoja: ziwake iwapo ni giza NA mtu anapita. Ukisoma mada ya mageti ya mantiki utaitambua mara moja: hilo ni geti la NA. Lina ingizo mbili na tokeo moja, na tokeo ni 1 pale tu ingizo zote mbili zikiwa 1.

3. Taa iamue vipi? LDR na transista

LDR ni rizista ambayo ukinzani wake hubadilika kufuatana na nuru. Nuru ikiongezeka, ukinzani hupungua. Giza likiingia, ukinzani hupanda sana. Sababu ni kwamba imetengenezwa kwa semikondakta, na nishati ya nuru huziachia elektroni zibebe mkondo.

Transista ya NPN ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Volteji kati ya beisi na emita ikiwa chini ya kama volti 0.6, mkondo haupiti kutoka kolekta kwenda emita, na swichi imezimwa. Ikifika 0.6 hadi 0.7, mkondo mdogo wa beisi huruhusu mkondo mkubwa wa kolekta, na swichi imewashwa.

Chora sakiti hii kwenye daftari:

- Betri ya volti 6 (betri ndogo nne za volti 1.5 zilizopangwa mfululizo).
- Rizista R1 kutoka upande chanya hadi beisi.
- LDR kutoka beisi hadi upande hasi.
- Emita moja kwa moja kwenye upande hasi.
- Kutoka upande chanya: rizista ya omu 470, kisha LED nyekundu, kisha kolekta.

R1 na LDR zinagawana volti 6. Rizista yenye ukinzani mkubwa hupata sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo:

Volteji ya beisi = 6 × LDR ÷ (R1 + LDR)

Mfano wa 1. LDR ina omu 500 mchana, omu 5,000 magharibi na omu 200,000 usiku. Tunataka taa ianze kuwaka magharibi. Tafuta R1.

Suluhisho:
0.6 = 6 × 5,000 ÷ (R1 + 5,000)
R1 + 5,000 = 30,000 ÷ 0.6 = 50,000
R1 = omu 45,000

Sasa hakiki kwa hali zote tatu:

Mchana: 6 × 500 ÷ 45,500 = volti 0.07. Taa imezima.
Magharibi: 6 × 5,000 ÷ 50,000 = volti 0.6. Taa inaanza kuwaka.
Usiku: 6 × 200,000 ÷ 245,000 = volti 4.9. Taa inawaka.

Zingatia: ile volti 4.9 ni hesabu ya kigawanyo kikiwa hakijaunganishwa na beisi. Beisi ikishaunganishwa na kupitisha mkondo, volteji yake hubaki karibu na 0.7 na haipandi tena.

Kumbuka pia kuwa LDR hazifanani. Ndiyo maana mafundi huweka rizista geu mahali pa R1. Ukiongeza R1, taa inasubiri giza zaidi. Ukipunguza R1, taa inawaka mapema.

Mfano wa 2. Je, mkondo wa beisi unatosha? Transista ina ukuzaji wa mkondo wa 100. LED inashika volti 2, na kati ya kolekta na emita inabaki volti 0.2.

Suluhisho:
Mkondo wa LED = (6 − 2 − 0.2) ÷ 470 = ampea 0.0081 = miliampea 8.1
Mkondo wa beisi unaohitajika = 8.1 ÷ 100 = miliampea 0.081
Mkondo kupitia R1 usiku = (6 − 0.7) ÷ 45,000 = miliampea 0.118
Mkondo unaopotelea LDR = 0.7 ÷ 200,000 = miliampea 0.0035
Unaobaki kwa beisi = miliampea 0.114

0.114 ni kubwa kuliko 0.081, kwa hiyo LED itawaka vizuri.

4. Ifanye nini? Kutoka LED hadi taa ya ukutani

LED moja haitamulika geti. Taa ya ukutani hutumia umeme wa TANESCO wa volti 230, na transista yetu ndogo haiwezi kuubeba. Hapo tunatumia rilei. Rilei ni sumakuumeme inayovuta swichi. Koili yake iko kwenye sakiti ya volti 6, na swichi yake iko kwenye sakiti ya volti 230. Sakiti hizi mbili hazigusani kabisa.

Tuseme koili inahitaji miliampea 40. Kwa ukuzaji wa 100, beisi inahitaji miliampea 0.4. Sisi tunayo 0.114 tu. Transista moja haitoshi. Tunaongeza transista ya pili, ambapo emita ya ya kwanza inaingia kwenye beisi ya ya pili, ili mkondo ukuzwe mara mbili. (Transista zikiwa mbili, volteji ya kuanzia inakuwa kama 1.2, hivyo R1 lazima irekebishwe.)

Sambamba na koili weka dayodi iliyogeuzwa. Koili inapozimwa ghafla, sumaku yake inaporomoka na kuzalisha volteji kubwa ya kinyume, kama ulivyojifunza katika mada ya usumakuumeme. Dayodi huupa mkondo huo njia ya kupita ili usiiue transista.

5. Hapa ndipo watu wanapokufa

Sakiti ya volti 6 unaweza kuiunda mezani bila hofu. Sakiti ya volti 230 ni kazi ya fundi mwenye leseni. Leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA. Lakini wewe mtahiniwa lazima ujue kanuni moja: swichi yoyote, iwe ya mkono, ya rilei au ya taima, hufungwa kwenye waya wa laini.

Waya mwekundu au wa kahawia ni laini. Mweusi au wa bluu ni nyutro. Wa kijani wenye mistari ya njano ni ethi.

Swichi ikifungwa kwenye nyutro, taa itawaka na kuzima kama kawaida, na hakuna atakayegundua kosa. Lakini taa ikiwa imezimwa, holda bado ina volti 230. Mtu anapanda kwenye kiti kubadilisha balbu, amesimama kwenye sakafu yenye maji ya mvua, mkono mmoja ameshika ukuta. Akigusa holda, mkondo unapita mwilini mwake kwenda ardhini. Kwa taa inayojiwasha hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mtu akiiona imezima hudhani haina umeme. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha balbu ya namna hii, zima kwenye sakiti breka, usiitegemee sensa.

Jambo la pili la usalama ni kujiuliza: mfumo ukiharibika, utaharibikia upande gani? Katika sakiti yetu, waya wa LDR ukikatika, ukinzani upande huo unakuwa mkubwa mno, beisi inapata volteji na taa inawaka muda wote. Utapoteza uniti chache, lakini geti halitakuwa gizani. Waya wa R1 ukikatika, taa haitawaka kamwe. Ndiyo sababu tunaacha pia swichi ya mkono pembeni, ili hata bibi asiyetaka habari za sensa aweze kuwasha taa.

6. Hesabu za Luku

Nishati kwa uniti = nguvu kwa wati × saa ÷ 1,000. Tutumie bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, kwa mteja wa matumizi ya kawaida. (Kwa bei hii shilingi 1,000 hununua kama uniti 2.8.) Kwenye mtihani tumia bei utakayopewa. Kila hesabu hapa ni ya siku 30.

A. Balbu nne za zamani za wati 60, saa 12 kila usiku:
4 × 60 × 12 × 30 ÷ 1,000 = uniti 86.4 → shilingi 30,758

B. Taa nne za LED za wati 9, saa 12 kila usiku:
4 × 9 × 12 × 30 ÷ 1,000 = uniti 12.96 → shilingi 4,614

C. Taa nne za LED za wati 9, zimesahaulika saa 24:
uniti 25.92 → shilingi 9,228

D. Mpango wetu: LED mbili saa 12, na mbili za mwendo jumla ya saa 1 kila usiku:
(2 × 9 × 12 × 30 + 2 × 9 × 1 × 30) ÷ 1,000 = uniti 7.02 → shilingi 2,499

Linganisha A na B. Kubadilisha balbu peke yake kumeokoa zaidi ya shilingi 26,000. Kutoka B kwenda D, sensa zimeokoa shilingi 2,115. Kwa hiyo badilisha balbu kwanza, sensa zifuate. Tazama pia kuwa uniti 86.4 za A zimeshavuka uniti 75, ambazo ndizo kikomo cha mwezi cha mteja mdogo anayelipa bei nafuu. Balbu za nje peke yake zinaweza kuitoa familia kwenye bei hiyo.

E. Taa janja zinazoongozwa kwa simu. Hizi hujua saa ya machweo ya mahali ulipo, na unaweza kupunguza mwanga wake saa 6 usiku. Lakini nyingi zinahitaji ruta iliyowashwa muda wote. Ruta ya wati 10:
10 × 24 × 30 ÷ 1,000 = uniti 7.2 → shilingi 2,563

Ruta peke yake imekula zaidi ya taa zote nne za mpango D. Kama nyumba tayari ina intaneti, hilo si tatizo. Kama ruta inanunuliwa kwa ajili ya taa tu, LDR inafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi. Taa janja nyingi pia hujiwasha zenyewe umeme unaporudi baada ya kukatika, hata kama ni saa 8 usiku, mpaka uzibadilishie mpangilio.

7. Makosa yanayopoteza alama

(i) Kubadilishana nafasi ya LDR na R1. Taa itawaka mchana na kuzima usiku. Kabla ya kuchora, jiulize: gizani nataka volteji ya beisi ipande au ishuke?
(ii) Kusema "transista huzalisha umeme". Transista haizalishi. Mkondo mdogo unaongoza mkondo mkubwa unaotoka kwenye betri.
(iii) Kusahau rizista ya LED. Bila hiyo LED huungua.
(iv) Kuacha omu 45,000 kama "45" kwenye fomula, au kusahau kugawanya kwa 1,000 kupata uniti.
(v) Kuweka LDR mahali inapomulikwa na taa yake yenyewe. Taa ikiwaka, LDR inadhani kumekucha na kuizima. Ikizima, LDR inaona giza na kuiwasha tena. Taa itapepesa usiku kucha. Ielekeze LDR angani, na uikinge na mwanga wa taa.

Zoezi

1. Taja sehemu tatu za mfumo unaojiendesha, kwa mfano wa taa ya getini.
2. Sakiti ina betri ya volti 9. Taa iwake LDR ikifika omu 2,000 na beisi ikifika volti 0.6. Tafuta R1.
3. Koili ya rilei inahitaji miliampea 60, na transista ina ukuzaji wa 150. Tafuta mkondo wa beisi.
4. Taa tatu za wati 12 huwaka saa 11 kila usiku kwa siku 30. Tafuta uniti, na gharama kwa shilingi 356 kwa uniti.
5. Mwanafunzi ameunda sakiti, taa inawaka mchana na kuzima usiku. Eleza kosa na marekebisho.
6. Eleza kwa nini dayodi huwekwa sambamba na koili ya rilei.
7. Swichi ya taa ya nje imefungwa kwenye nyutro. Eleza hatari iliyopo ingawa taa inafanya kazi.

Majibu

1. Sensa (LDR), inayoamua (transista), inayotenda (rilei na taa).
2. R1 + 2,000 = 18,000 ÷ 0.6 = 30,000. R1 = omu 28,000.
3. 60 ÷ 150 = miliampea 0.4.
4. 3 × 12 × 11 × 30 ÷ 1,000 = uniti 11.88. Gharama: shilingi 4,229.
5. LDR na R1 zimebadilishana nafasi. LDR iwe kati ya beisi na upande hasi.
6. Koili ikizimwa ghafla huzalisha volteji kubwa ya kinyume. Dayodi huupa mkondo wake njia na kuilinda transista.
7. Taa ikizimwa, holda hubaki imeunganishwa na laini. Anayegusa anaweza kupigwa na volti 230. Swichi ihamishiwe kwenye laini.